Mnyanyua Vyuma Ale Nini, na Ale Lini?

Muhula huu nimeulizwa swali moja mara nyingi mno, bwaloni, bwenini, hata katika foleni ya maji: "Kaka, mtu akitaka misuli ikue, ale kabla ya kunyanyua vyuma au baada yake?" Wengine huuliza kwa mzaha, wengine kwa shauku, na wengine wamekwisha pata majibu yao huko mitaani, wanataka tu niwakubalie. Kwa kuwa mimi ndiye niliyepewa kazi ya kutunza vyuma vya shule, na kwa kuwa siwezi kumjibu kila mmoja peke yake, nimemwomba Mhariri anipe nafasi katika gazeti letu niwajibu wote kwa pamoja. Wazazi nao na wasome, maana jambo hili lagusa mifuko yao. Walimu wetu nao na wasome, maana huko mwisho nina ombi.

Kwanza niwaeleze wasiotujua sisi ni nani. Kikundi chetu kina wanafunzi 14, wavulana 11 na wasichana 3. Twakutana nyuma ya karakana, chini ya mwembe, siku za Jumatatu, Jumatano na Jumamosi. Vyuma vyetu si vya dukani. Ni mabomba ya maji yaliyokwisha kazi yake, na kila ncha imetiwa kopo la rangi lililojazwa zege. Kopo la lita 4 likijaa zege hupata kilo 9 na zaidi kidogo. Tumeyapima yote kwa mizani ya stoo na kuyaandika uzito wake kwa rangi nyeupe, ili mtu asijidanganye wala asidanganye wenzake. Benchi letu alitutengenezea fundi wa shule kwa mbao za kitanda kilichovunjika. Mgeni akituona huenda akacheka, lakini misuli haitambui kati ya chuma cha dukani na zege la makopo. Yenyewe yajua uzito tu.

Wayunani wa kale walikuwa na mpigana mieleka mmoja, jina lake Milo, wa mji wa Croton, aliyeshinda mara nyingi katika michezo ya Olimpiki yapata miaka 2,500 iliyopita. Hadithi husimulia ya kuwa alianza kwa kumbeba ndama mabegani kila siku. Ndama akawa anakua, na nguvu za Milo zikawa zinakua pamoja naye, hata akaweza kumbeba fahali mzima. Walimu wa mazoezi wanaipenda sana hadithi hii, kwani yafundisha kuongeza uzito kidogo kidogo. Lakini hadithi hizo hizo zamtaja Milo kuwa ni mlaji wa ajabu, na sehemu hiyo watu huisahau. Ndama alikula akakua. Na aliyembeba ndama naye ilimbidi ale.

Mambo yenyewe yako hivi. Kila saa ya mchana na ya usiku mwili wetu wabomoa kidogo na kujenga kidogo katika misuli. Mtu akinyanyua uzito uliomtosha, kubomoa kwaongezeka, na kujenga kwaongezeka zaidi. Lakini fundi hajengi bila matofali. Tofali la misuli ni protini, nayo twaipata katika maharage, kunde, karanga, dagaa, nyama, mayai na maziwa. Tena fundi hafanyi kazi bila nguvu, na nguvu hutoka hasa katika wanga, yaani ugali, wali, viazi na ndizi. Wanga mwingine huwekwa akiba ndani ya misuli yenyewe, na akiba hiyo ndiyo tunayoitumia tunapobeba vyuma. Mtu asipokula wanga wa kutosha, mwili huichukua protini na kuichoma ili upate nguvu. Ni kama nyumba iliyoishiwa kuni, wenyewe wakaanza kuchoma milango. Kwa sababu hiyo namshangaa mwanafunzi anayeacha ugali wake sahanini eti anajenga misuli.

Sasa nirudi kwenye swali: kabla au baada?

Maneno yaliyoenea kwa vijana ni haya: ya kuwa baada ya mazoezi kuna mlango unaofunguka kwa nusu saa, na ukifungwa hujameza protini, jasho lako lote limekwenda bure. Na kwa kuwa hakuna anayeweza kusonga ugali na kuchemsha maharage katika nusu saa, anayeyasema hayo mara nyingi ana kopo la unga wa protini la kukuuzia. Mwalimu wetu wa Biolojia alipotusikia tukibishana alituambia tusibishane kwa sauti, tubishane kwa ushahidi, akatuchapishia makala kadhaa za wataalamu. Tulizisoma pamoja naye kwa Jumapili tatu. Nitaeleza tuliyoyaona, kwa ufupi.

Neno la mlango halikuzuka hivi hivi. Mwaka 2001 wataalamu wa Denmark walichapisha habari za wazee 13, umri wao yapata miaka 74, waliofanya mazoezi ya uzito kwa majuma 12. Wengine walipewa kinywaji chenye protini mara tu baada ya mazoezi, wengine baada ya muda wa saa 2. Wale wa kwanza misuli yao ilikua, wale wa pili haikukua. Habari hiyo ilisambaa duniani. Lakini, wasomaji, watu 13 ni wachache kuliko waliojaa meza mbili za bwalo letu, tena walikuwa wazee. Haifai kuchukua jambo la wazee 13 na kulifanya sheria kwa vijana wote.

Ndipo mwaka 2013 Brad Schoenfeld, Alan Aragon na James Krieger wa Marekani walikusanya majaribio mengi na kuyapima kwa pamoja. Waliona ya kuwa katika majaribio mengi, kundi lililokula protini karibu na mazoezi lilikuwa pia limekula protini nyingi zaidi kwa siku nzima. Walipohesabu jumla ya siku, faida ya kuwahi mlango haikuonekana tena. Mwaka 2017 Schoenfeld na wenzake walichapisha jaribio jingine la wanaume 21 waliozoea vyuma. Wengine walikunywa gramu 25 za protini kabla tu ya mazoezi, wengine kiasi hicho hicho baada tu ya mazoezi. Baada ya majuma 10 hapakuwa na tofauti ya maana baina yao. Na mapema zaidi, mwaka 1997, ilikuwa imekwisha onekana ya kuwa baada ya zoezi moja zito kujenga kwa misuli hubaki juu ya kawaida hata muda wa saa 48. Basi kama mlango upo, hauko wazi nusu saa. Uko wazi siku nzima na zaidi.

Je, maana yake ni kwamba wakati hauna maana kabisa? La, hasha. Aragon na Schoenfeld walitoa shauri la busara: chakula cha kabla na chakula cha baada ya mazoezi visiachane zaidi ya muda wa saa 3 au 4 hivi, na ikiwa chakula chenyewe ni kizito na kimechanganyika, hata saa 5 au 6 si mbaya. Sasa itazameni ratiba ya shule yetu. Chakula cha mchana huliwa saa 7 na nusu. Siku za Jumatatu na Jumatano twaanza vyuma saa 10 na nusu alasiri, twamaliza saa 11 na nusu. Chakula cha jioni huliwa saa 12 na nusu. Kutoka mlo hadi mlo ni muda wa saa 5, na mlo wetu, kama mjuavyo, ni mzito. Kengele ya bwalo imekwisha tupangia kile ambacho wengine wanalipia fedha ili wakipate. Anayekula chakula chake cha mchana chote na cha jioni chote hana sababu ya kukimbizana na nusu saa.

Tena ule muda wa saa 3 kati ya ugali na vyuma una faida yake. Tumbo lililojaa halipendi kuchuchumaa na bomba mabegani. Aliyekula akaja mbio amejikuta kando ya mwembe akitapika, na chakula kilichotapikwa hakijengi msuli wa mtu yeyote. Anayeona njaa karibu na saa 10 na ale ndizi moja na kunywa maji, inatosha.

Siku iliyokuwa na kasoro ni Jumamosi. Jumamosi tulikuwa twaanza saa 12 asubuhi ili tuwahi usafi wa mazingira, na uji hutolewa saa 2. Hesabuni wenyewe: tangu chakula cha jioni cha Ijumaa hadi uji wa Jumamosi ni zaidi ya muda wa saa 13, na katikati kuna mazoezi. Mwenzetu mmoja wa Kidato cha Tatu aliona kizunguzungu akiwa na bomba mkononi, na lau asingekuwapo mtu wa kulipokea upande wa pili, leo ningekuwa naandika habari nyingine. Wahenga walisema, adui yako mwombee njaa. Haikufaa tujiombee wenyewe. Hapo ndipo penye haja ya kweli ya kula kabla. Tuliomba ruhusa kwa mwalimu wa zamu, tukaipeleka Jumamosi saa 4, baada ya uji na usafi. Na wale wanaokuja na konzi ya karanga mfukoni huila pamoja na uji. Tangu hapo kizunguzungu hatujakiona.

Katika mwezi wa Ramadhani ndugu zetu wanaofunga nao waliuliza wafanyeje. Hawa huwezi kuwaambia wale kabla ya alasiri. Tulichofanya ni kusogeza zamu yao hadi baada ya futari, tukapunguza uzito na idadi, nao wakagawa chakula chao baina ya futari na daku. Mwezi ulipokwisha hakuna aliyekuwa amerudi nyuma kwa kiasi cha kutisha, na kila mtu alikuwa ametimiza ibada yake.

Basi suala la wakati nimelimaliza. Linalobaki ndilo gumu, nalo ni kiasi. Mwaka 2018 wataalamu walichapisha katika gazeti la tiba ya michezo la Uingereza mkusanyo wa majaribio 49 yenye watu 1,863. Waliona ya kuwa protini ikiongezwa husaidia misuli kukua, lakini ikifika wastani wa gramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku, nyongeza zaidi ya hapo haikuonyesha faida. Waliona pia, na hili lisisahauliwe, ya kuwa sehemu kubwa ya faida hutokana na mazoezi yenyewe. Majaribio hayo yalikuwa ya watu wazima. Sisi bado twarefuka, kwa hiyo chakula chetu kina kazi mbili, na hatuna ruhusa ya kukipunguza.

Mwanafunzi wa kilo 60, kwa hesabu hiyo, atataka gramu 96 kwa siku. Je, bwalo letu latoa ngapi? Nilikwenda jikoni kwa Mama Mpishi, naye kwa wema wake akaniruhusu nikae na mizani asubuhi mbili. Mtunza stoo naye alinionyesha daftari. Kila mwanafunzi hutolewa unga wa dona gramu 500 kwa siku, uji ukiwa ndani yake, na maharage makavu gramu 120. Katika gramu 100 za dona mna protini kama gramu 8. Basi katika 500 mna 40. Katika gramu 100 za maharage makavu mna kama 22. Basi katika 120 mna 26. Jumla ni gramu 66.

Wengi walipoisikia hesabu hii walishangaa, kwani walidhani ugali ni bure kabisa na maharage ni ya kushibisha tu. Gramu 66 kwa mtu wa kilo 60 si njaa; zamtosha mtu mzima wa kawaida na kubaki. Tena kuna hekima kubwa katika sahani ile. Protini imeundwa kwa vipande vingi vidogo, na kila chakula kina vipande kilivyojaliwa. Mahindi yana upungufu wa kipande kiitwacho laisini, ambacho maharage yanacho tele. Maharage nayo yana upungufu wa methionini, na mahindi yana nafuu upande huo. Vikiliwa pamoja kila kimoja humkopesha mwenzake. Bibi zetu waliopika kande hawakusoma kemia, lakini walichanganya mahindi na maharage katika chungu kimoja, na kemia imekuja nyuma ikawashuhudia.

Hata hivyo, mwenye kutaka misuli ana pengo la gramu 30. Alizibe kwa nini? Yai moja lina kama gramu 6. Mawili ni 12. Konzi mbili za karanga, kama gramu 70, zina 17 au 18. Hapo pengo limezibwa. Anayepata dagaa wakavu ana bahati zaidi, kwani zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini. Kikombe cha maziwa kina kama gramu 8. Yai na maziwa vina sifa nyingine pia: protini yake mwili huitumia kwa wepesi kuliko ya nafaka na mikunde. Na vitu hivi visirundikwe vyote usiku. Yai liliwe na uji, karanga mchana, maharage kila mlo. Mwili hupenda kupelekewa matofali kidogo kidogo mchana kutwa.

Na ule unga wa kopo? Sitaki kuusingizia. Mwingi hutengenezwa kwa maziwa, na protini yake ni nzuri. Lakini ni chakula, si dawa, na chakula hupimwa kwa bei. Kijana mmoja wa Kidato cha Pili alinijia jioni moja kabla ya prepo, mkononi ana barua. "Kaka," akasema, "nisomee kwanza kabla sijaituma." Alikuwa anamwomba mama yake shilingi 120,000 za kopo la kilo 1, aliloonyeshwa mjini. Mama yake anachoma vitumbua stendi. Kijana huyu ndiye mdogo kuliko wote bwenini mwake, na maneno anayotupiwa kwa udogo wake tunayasikia sote. Sikumcheka.

Nilimwambia achukue daftari tuhesabu. Kitumbua kimoja mama yake huuza shilingi 200. Akaandika: vitumbua 600. "Na mchele, na mafuta, na sukari, na kuni?" nikamwuliza. Akanyamaza. Tukaendelea. Kopo lile, kwa maandishi yake lenyewe, hutoa gramu 24 za protini katika kila gramu 30 za unga. Basi kilo 1 ina gramu 800. Mayai ya kuchemsha getini huuzwa shilingi 500 moja. Kwa shilingi 120,000 hupata mayai 240, yenye gramu 1,440, na akila mawili kila siku yatampeleka siku 120. Na karanga ni rahisi kuliko mayai. Kijana akaitazama hesabu kwa muda mrefu, kisha akaikunja barua. Hakuituma. Aliandika nyingine, akaomba shilingi 5,000 za karanga, na mwisho wa barua akamwuliza mama yake hali ya biashara, jambo ambalo katika barua ya kwanza halikuwamo. Alipoanza nasi alinyanyua bomba tupu. Leo hulala juu ya benchi na kulisukuma bomba lile lile likiwa na makopo mawili ya lita 4. Maneno ya bwenini hayajakwisha, lakini yamepungua, na yeye mwenyewe hayajali kama zamani.

Wako wenzetu wasio na shilingi 5,000 wala mtu wa kumwandikia. Nawajua, na hesabu yangu ya mayai haiwasaidii. Kwao nasema hivi: msiache vyuma kwa sababu hiyo. Kuleni ugali wote, maharage yote, na mboga zote. Lalani usingizi wa kutosha. Kwa gramu 66 mtakua, ingawa polepole zaidi. Na haba na haba hujaza kibaba.

Lakini iko njia nyingine ya kuziba pengo, nayo lazima niitaje kwa jina lake: wizi. Kila mtu anayekaa bwaloni anajua ninalosema. Mkubwa hukaa kichwani pa meza, hushika upawa, huzamisha chini yalipo maharage, na hujaza bakuli lake. Mdogo wa Kidato cha Kwanza, aliye mwisho wa meza, hupata mchuzi. Mkubwa akiulizwa husema, "Mimi nafanya mazoezi." Nauliza: na yule mtoto wa miaka 13 ambaye mifupa yake ndiyo kwanza yarefuka, yeye hafanyi kazi ya kukua? Mwili wake unajengwa usiku na mchana bila kunyanyua kopo hata moja. Maharage yale gramu 120 yalipimwa stoo kwa jina lake. Msuli uliojengwa kwa maharage ya mtoto ni kama nyumba iliyojengwa kwa matofali ya jirani. Ikitazamwa yapendeza, lakini mwenyewe anajua.

Kwa hiyo kikundi chetu kimejiwekea sharti, na naliandika hapa ili shule nzima itushike kwalo: mwanachama wa vyuma hashiki upawa mezani, na hupakuliwa wa mwisho. Akivunja sharti hili hagusi bomba tena muhula ule. Wawili wamekwisha liona sharti likifanya kazi. Mmoja amerudi, mwingine bado.

Sasa ombi langu kwa Mkuu wa Shule, walimu, na wazazi wa kamati. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alituandikia Elimu ya Kujitegemea, na shamba la shule yetu ni mtoto wa fikra ile. Shamba lote hulimwa mahindi. Twaomba kipande kimoja kilimwe karanga na soya, kwani soya kavu ina protini kama gramu 36 katika kila gramu 100, ikiwa tu imepikwa au kukaangwa vema. Pia lile banda la kuku lililo wazi nyuma ya nyumba za walimu lipewe kuku wa mayai. Hatuombi mayai yawe ya wanyanyua vyuma. Yawe ya bwalo lote, hata kama ni yai moja kwa mwanafunzi kwa juma, na Kidato cha Kwanza waanze. Sisi 14 tuko tayari kulima, kuchota maji na kusafisha banda. Jembe nalo ni chuma, na tumezoea chuma.

Kwa wale walioniuliza "kabla au baada", jibu langu sasa mnalo. Kuleni kabla, kuleni baada, na kuleni katikati ya siku ambayo hamna mazoezi, maana hata siku hiyo fundi yuko kazini. Msikae na njaa usiku kucha na kuamkia bomba. Msitume barua ya kopo nyumbani kabla ya kuhesabu vitumbua. Na mkifika mezani, mpisheni mdogo apakuliwe kwanza.

Namshukuru Mama Mpishi kwa mizani yake na subira yake, mwalimu wetu wa Biolojia kwa Jumapili zake tatu, na Mhariri kwa nafasi. Anayetaka kujiunga nasi na aje Jumatatu saa 10 na nusu, chini ya mwembe, awe amekula.